Ufa Niliouandika Haupo

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mlangoni kwa mama yangu mzazi, nyundo mkono wa kulia, tindo mkono wa kushoto. Nasikia wapo waliosema mwanamke huyu hana adabu, yaani anakwenda kumbomolea mama yake ukuta mchana kweupe! Hawajakosea sana. Lakini watulie, wavute viti, maana ya leo ni mazito kuliko yale.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema haraka haraka. Mimi ni mpima nyufa. Barabara ya juu, ile inayopita juu ya vichwa vyetu kwa nguzo tangu kabla sijazaliwa, imechoka. Zege linadondoka vipande, vyuma vimeota kutu, na wakubwa wameamua kuiangusha na kuchimba handaki ili magari yapite chini ya ardhi. Mashine inayochimba tunaiita Fuko. Kabla Fuko hajapita chini ya nyumba ya mtu, mimi hutangulia. Naingia kila chumba, natafuta nyufa, nazipiga picha, naziandika kwenye fomu, natia saini.

Nyumba yenye nyufa mbaya hupigwa alama nyekundu mlangoni. Wenyewe huhamishwa kwa muda, na ardhi iliyo chini yake huchomwa sindano, ndivyo tunavyosema kazini: mabomba hushindilia saruji chini ya msingi mpaka udongo uwe mgumu. Nyumba isiyo na tatizo hupigwa kijani, na Fuko hupita chini yake bila kubisha hodi.

Nyumba ya mama niliipiga kijani.

Na ina ufa. Naujua tangu natambaa. Umeanzia darini, ukateremka nyuma ya kabati la vyombo, ukaishia sakafuni. Nikiwa mdogo nilikuwa naficha barua zangu za shule humo, zile za mwalimu kulalamika. Sasa mama aliposikia wapimaji wanakuja na kamera, akaona haya wageni wamkute ukuta umepasuka. Akamwita fundi wa plasta siku moja kabla. Nilipofika na fomu yangu, ukuta ulikuwa unang'aa na mama amevaa gauni lake la kutokea.

"Andika unachokiona," akaniambia, akinitazama machoni.

Nikaandika: Hakuna ufa.

Sikudanganywa, ndugu zangu. Nilijua. Nilijua pia kwamba nyekundu ingemtoa mama nyumbani kwake, na mama amesubiri miaka thelathini na nane barabara ile iondoke mbele ya dirisha lake ili jua liingie sebuleni. Alikuwa ameapa jua litamkuta humo humo. Nikaona ninamtendea wema. Sikujua kwamba nyumba ya kijani haichomwi sindano.

Hapana, naanza tena uongo. Nilijua. Niliambiwa siku ya kwanza kazini, nikasahau kwa makusudi.

Halafu mume wangu, ambaye ndiye dereva wa Fuko zamu ya asubuhi, akaja nyumbani Jumanne na kusema kama mtu anayesimulia habari za mvua: "Keshokutwa napita chini ya mama mkwe. Bahati nyumba yake nzima, maana udongo wa pale ni uji mtupu." Kijiko kikanitoka mkononi. Yeye sikumwambia neno. Jumatano asubuhi nilikuwa mlangoni kwa bosi wangu.

Huyu mhandisi sisi tunamwita Bwana Fomu. Si mtu mbaya. Ila kitu kisipoandikwa, kwake hakijatokea.

"Unasema uliandika uongo?"

"Ndiyo."

"Kwenye fomu?"

"Kwenye fomu."

Akavua miwani. Ungedhani nimemwambia nimeua mtu.

"Miezi saba iliyopita ulisema hakuna ufa. Leo Fuko yuko mita sitini kutoka pale, unasema upo. Ulikuwa mwongo siku ipi, mama?"

"Siku ile."

"Wewe ni mtu wa kumi na mbili wiki hii kuingia humu na ufa mpya. Wote wanataka fidia."

"Mimi sitaki fidia. Nataka mchome sindano."

"Sindano ni kazi ya siku kumi. Fuko anafika kesho."

"Basi simamisheni Fuko."

"Kwa karatasi gani?" Akaigeuza ile fomu ili niione vizuri. "Saini hii ya nani?"

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilivua kofia yangu ngumu, nikaiweka juu ya fomu zake. Nikavua na kitambulisho, nikakiweka juu ya kofia.

"Kesho saa nne njoo kwa mama yangu," nikamwambia. "Nisipokuonyesha ufa wa kuingiza kidole, ita polisi wewe mwenyewe. Nitapanda gari lao bila kusukumwa."

Akafikiri kidogo. "Nitakuja," akasema. "Napenda jambo liishe kwa maandishi."

Ndivyo nilivyofika pale mlangoni na nyundo.

Mama alifungua, akaitazama nyundo kabla ya kunitazama mimi.

"Hiyo ya nani?"

"Ya baba."

"Basi kairudishe alipoiacha baba yako. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyundo ibaki nje."

Niliingia nayo. Mama akafyonza, akanipisha. Sebuleni, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amekaa yule fundi wa plasta, chai mkononi, biskuti mbili pembeni ya sahani. Mama alikuwa amemwita tangu alfajiri aje kumtetea. Kwa mama yangu kesi haianzi bila maandalizi.

Mtaani kulikuwa kimya. Nyumba zote za jirani zilikuwa na alama nyekundu na kufuli mlangoni, wenyewe wamehamishwa, ardhi zao zimechomwa sindano. Ilikuwa imebaki hii moja tu yenye mapazia dirishani. Juu yetu magari yalinguruma kwenye barabara ya juu kama kila siku, na sebule ilikuwa na giza lile lile nililokulia, taa inawashwa saa nne asubuhi.

Saa nne kamili, Bwana Fomu akabisha hodi. Jalada kwapani, simu ya upepo kiunoni.

"Karibu, mwanangu," mama akamwambia, sauti tamu ambayo mimi sijaisikia tangu niolewe. "Nasikia umeletwa kutafuta kitu ambacho hakipo."

"Nimekuja kuhakikisha tu, mama."

"Hakikisha. Huyu hapa ndiye aliyeupiga plasta ukuta. Mwulize."

Bwana Fomu akafungua jalada, akatoa kalamu. "Fundi, kabla ya kupiga plasta, uliona ufa?"

"Ufa?" Fundi akatikisa kichwa mpaka chai ikamwagika. "Mimi? Hapana, bosi. Ukuta ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga."

Mama akanitazama, kidevu juu. Mtu mzima na ndevu zake anakula biskuti na uongo kwa pamoja!

Bwana Fomu akaandika. Kisha, kwa sababu hawezi kuacha mstari wa fomu bila kujazwa, akauliza: "Ulitumia mifuko mingapi ya saruji?"

"Minne," akajibu fundi, haraka, kwa majivuno ya kazi.

Kalamu ikasimama. Bwana Fomu akautazama ukuta. Hatua tano urefu, dari ya kuguswa kwa ufagio.

"Ukuta mmoja huu?"

"Huu huu."

"Mifuko minne iliingia wapi?"

Fundi akaangalia biskuti, akaangalia mama, akaangalia viatu vyake. "Ulikuwa na kiu, bosi," akasema kwa sauti ndogo.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Bwana Fomu hakucheka, lakini aliandika neno "minne", akalipigia mstari chini.

"Mama," akasema, "naomba ruhusa tugonge kidogo."

"Ruhusa sitoi."

"Kidogo tu, mama, pembeni."

"Mwanangu, mimi nimeolewa nikaletwa humu kwenye giza hili. Nimezalia humu, nimezikia humu. Malori yamepita juu ya kichwa changu miaka thelathini na nane na sahani zangu zimecheza kabatini usiku na mchana, sikumpigia mtu kelele. Nilijua iko siku wataiangusha. Sasa siku imekaribia, mnataka kunitoa? Muulize huyu mwanangu, nikitoka nitarudi? Wangapi walitolewa kwa muda wakarudi?"

Bwana Fomu akapekua jalada lake. Hilo halikuwa na fomu yake.

Nikalivuta kabati la vyombo. Vikombe vikagongana. Mama akaja akasimama kati yangu na ukuta, mikono kiunoni, kichwa chake kikiishia begani kwangu.

"Ukigonga hapa, umenigonga mimi."

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeshaanza kuusema. Sijawahi kumvunjia mama heshima, hata nilipokuwa na umri wa kufanya hivyo. Lakini nilimwona amelala humo, kitanda chake kikiwa upande wa pili wa ukuta ule, na mume wangu akipita chini bila kujua chochote.

"Mama," nikasema, "ukuta haukukosa. Wewe hukukosa. Aliyetia saini ni mimi. Sogea nifute nilichoandika."

"Sisogei."

Nikamshika mabega kwa upole, nikamsogeza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na hilo liliniuma kuliko maneno yake. Kisha nikaweka tindo, nikagonga.

Mara ya kwanza, vumbi. Mara ya pili, plasta ikaitikia kwa sauti ya utupu. Mara ya tatu, pande kubwa kama mlango wa kabati likaachana na ukuta, likaanguka sakafuni, likamwaga chokaa hadi kwenye chai ya fundi.

Ufa ulikuwepo. Rafiki yangu wa zamani, mweusi, mpana, amekaa pale pale. Nikaingiza kidole mpaka kifundo cha pili.

"Andika," nikamwambia Bwana Fomu. "Andika vizuri, na herufi kubwa."

Akasogea na tochi. Kwa muda kama wa kuhesabu mpaka tano nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mjini.

"Na hiki ni nini?" akauliza.

Usawa wa macho yangu, kikiwa kimevuka ufa kutoka upande mmoja hadi mwingine, palikuwa na kipande cha kioo urefu wa kidole, kimebandikwa kwa saruji ncha mbili. Fundi alikuwa ameziba kando zake zote, lakini kioo chenyewe hakukigusa.

"Nilikiacha, mama," fundi akasema taratibu. "Kina mwandiko wa mtu. Niliona vibaya kukivunja."

Mama akaweka mkono mdomoni.

Niwaeleze. Baba yangu maisha yake yote alikuwa akiziba zege la barabara ya juu. Wao, wakikuta ufa kwenye nguzo, walibandika kipande cha kioo juu yake, wakaandika tarehe. Kioo hakijui kunyumbuka. Ufa ukisogea unene wa unywele, kioo kinapasuka, na hapo mnajua nguzo inatembea. Walikiita shahidi. Nilisahau kabisa kwamba baba alimletea mama shahidi nyumbani. Sasa nilikuwa nakisoma: tarehe iliyokwaruzwa kwa msumari, na ile saba yake yenye mkia.

Bwana Fomu alikuwa akisoma pia. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu lilinitisha kabla hajafungua mdomo.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Miaka kumi na tisa, na kioo ni kizima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ufa wako upo, mama, nakubali. Lakini umelala. Malori yote hayo yamepita hapo juu na haukusogea hata kidogo. Huwezi kupata ushahidi mzuri kuliko huu." Akaanza kuandika. "Ufa wa zamani, haujasogea. Nyumba inabaki kijani. Na nakushukuru sana kwa kunisaidia."

Baba yangu mwenyewe, kutoka kaburini, amesimama upande wao!

"Nilisema," mama akaniambia. Lakini hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa amekaribia ukuta, anaipangusa ile saba yenye mkia kwa ncha ya kidole, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Si nilisema nyumba yangu nzima? Baba yako alijua."

"Tia saini hapa," akasema Bwana Fomu, akaninyooshea kalamu. "Kama shahidi wa marekebisho."

"Sitii."

"Ufa umeuona, kioo umekiona. Unakataa nini?"

"Nilishatia saini yangu mara moja kwenye nyumba hii. Haitoki tena."

"Basi nitaandika umekataa."

"Andika! Andika nimekataa nikiwa nimesimama, akili zangu timamu, na wino wako sikuugusa!"

Akainama kuandika, kweli. Ndipo kijiko cha fundi kikaanza kucheza kwenye sahani.

Tumezoea mitetemo katika nyumba ile. Lakini mtetemo wa malori huanzia juu, hushuka na kuta. Huu ulitoka chini. Uliingia kwa nyayo, ukapanda miguuni, ukafika kwenye meno. Vikombe kabatini vikaanza kuimba, kimoja baada ya kingine.

"Ni yeye," nikasema. "Amewahi."

Sote tulikuwa tunakitazama kioo. Hakuna aliyesema tukitazame.

Tik.

Sauti ndogo tu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Mstari mwembamba ukakata kioo katikati, ukaipita ile saba ya baba.

Bwana Fomu alibaki na kalamu hewani. Nilimwona anavyoutafuta moyoni mwake mstari wa kuandika jambo lile, asiupate. Kisha, na hili nitamshukuru daima, akaitupa kalamu, akachomoa simu ya upepo.

"Fuko, Fuko! Simama! Narudia, simama!"

Kelele za mashine zikajaza sebule. Kisha sauti ninayoijua kuliko zote duniani.

"Nani anayesema nisimame?"

"Mhandisi wa juu. Ufa unatembea."

"Ufa wa wapi, mzee? Nyumba zilizo nyuma yangu zote zimechomwa sindano. Hii niliyo chini yake ni kijani. Karatasi ninayo hapa."

Bwana Fomu akanitazama. Akaninyooshea ile simu kama mtu anayerudisha kitu kwa mwenyewe.

Niliichukua. Nikaisogeza mdomoni.

"Baba watoto, ni mimi. Ufa upo. Nilijua upo. Niliandika uongo."

Mashine tu ndiyo iliyonijibu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia." Akavuta pumzi. "Mke wangu, mimi huku sioni kitu. Mbele yangu ni ukuta wa chuma. Miezi yote hii naendesha kwa karatasi yako."

Mbona hakunitukana? Angenitukana ningeweza kujibu.

"Simama," nikamwambia. "Tafadhali."

"Hapa hapasimamiki. Udongo ni uji, nikisimama pua inazama na maji yanaingia. Tuko tisa huku. Naweza kwenda polepole tu. Nakupa dakika kumi. Mtoe mama, halafu nitapita, nyumba ikianguka ianguke. Ukishamtoa niambie."

"Namtoa."

"Dakika kumi, mama watoto."

Fundi hakusubiri tafsiri. Alikwishatoka, ameacha kiatu kimoja na biskuti. Bwana Fomu akashika jalada lake, akalitazama, akaliacha kitini, akaenda mlangoni. Vumbi lilikuwa linashuka kutoka darini laini kama unga.

"Mama, twende."

Mama alikuwa bado mbele ya kioo. Akageuka, amejipangusa uso, mtulivu.

"Ngoja nichukue picha ya baba yako chumbani. Tangulia na mgeni."

"Naichukua mimi."

"Hujui nilipoiweka. Tangulia, mwanangu. Usinifanye nikimbie kwenye nyumba yangu mbele ya mtu."

Nilimwamini. Mimi, niliyemdanganya kila mtu kwa karatasi, nilimwamini mama kwa neno. Nikavuka kizingiti, simu ya upepo mkononi, na nyuma yangu nikasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili.

"Mama!"

"Mama, fungua!"

"Sifungui."

Nikaurukia mlango. Baba aliutengeneza mwenyewe, mbao nzito za kuzuia kelele za barabara. Bega langu halikuutikisa. Nyundo nilikuwa nimeiacha sakafuni, kwenye chokaa. Madirisha yana nondo, na nondo hizo pia aliziweka baba.

"Nyumba inaanguka, mama!"

"Haijaanguka." Sauti yake ilikuwa karibu, nadhani alikuwa ameegemea mlango upande wa pili. "Kioo kimeshika miaka kumi na tisa. Mimi siwezi kushika dakika kumi? Mwambie mkwe wangu apite salama. Hao watoto wa watu walio huko chini wasife kwa ajili ya kizee. Mwambie nimetoka."

"Sitamwambia hivyo!"

"Utamwambia. Andika unachokiona, mwanangu. Mlango umefungwa, humuoni mtu."

Maneno yale yale ya miezi saba iliyopita.

"Na jua lako?" nikapiga kelele. "Ukifa leo, jua litamkuta nani humo?"

Hakujibu. Hapo nilijua nimemgusa, nikapiga mlango kwa viganja vyote viwili. Ndani kikombe kilianguka, kikavunjika, kikafuatwa na kingine.

Simu ikakoroma mkononi.

"Mama watoto. Mama ametoka?"

Bwana Fomu alikuwa amesimama nyuma yangu, kofia imemponyoka, uso mweupe kwa vumbi. Akanishika mkono.

"Sema ametoka."

Nilimgeukia.

"Sema tu!" Alikuwa karibu kulia. "Ukimwambia yumo ndani atasimama, na akisimama wote tisa wamekwisha! Mwambie ametoka, yeye atajuaje? Sema neno moja!"

Mtu huyu, jana tu, alinigeuzia fomu ili niione saini yangu. Leo ananiomba uongo kwa mikono miwili.

Na alikuwa na haki ya kuniomba, hilo ndilo lililoniua. Namjua mume wangu. Maji yaingie, yasiingie, akijua mama yumo ndani hatapita. Yule mwanamke alimpokea bila mahari kamili na akamwita mwanangu tangu siku ya kwanza. Atasimama, na wale wanane watasimama naye.

Nikakaa kizingitini. Nikauegemeza mgongo wangu kwenye mlango, pale nilipodhani mgongo wake ulipo.

"Nenda," nikamwambia Bwana Fomu. "Vuka barabara."

"Na wewe?"

"Mimi sibanduki hapa. Nyumba hii ikiandikwa tena, itaandikwa na mimi nikiwa ndani ya maandishi."

Upande wa pili wa mbao nilisikia mama akishtuka. "Bado uko hapo?"

"Niko."

"Ondoka, mtoto mjinga wewe!"

"Fungua, tuondoke wote."

Mtetemo ulikuwa umefika kwenye uti wa mgongo wangu. Juu, barabara ile kuukuu iliendelea kupitisha malori kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndani, ule ufunguo ulikwaruza kidogo kwenye kitasa, kisha ukatulia. Sikujua kama anafungua au ameuchomoa.

"Mama watoto!" Sauti ya mume wangu ilikuwa imebadilika. Nyuma yake nilisikia mtu akihesabu mita kwa sauti. "Nijibu mimi, si karatasi. Mama ametoka?"

Nikabonyeza kitufe, nikafungua mdomo.